Senge Anauliza Kama Ziwa Litafika

Hosteli ya Wasichana, Njoro
9 Februari 2025

Senge mpendwa,

Chamge. Nakusalimu wewe, shangazi yangu, na wote wanaokuzunguka huko ziwani, mbuzi wakiwemo. Mimi niko mzima isipokuwa kifua. Baridi ya Njoro asubuhi inaingia hadi mfupani, si kama kwetu Baringo ambako hata kivulini mtu hutoka jasho. Zeddy, yule kijana wa jirani yako, nilikutana naye Nakuru mjini, ameajiriwa kwa duka la vipuri na amenenepa, anakusalimu. Nangila, yule msichana wa Bungoma ninayeishi naye chumba kimoja, anakusalimu pia na anaulizia asali.

Usishangae kuona barua. Kila nikikupigia simu unasema "tuko sawa, tuko sawa," halafu unakata kama mtu anayeogopa simu itamwuma. Nilipokuwa bweni ulikuwa unaniandikia kurasa mbili, mbele na nyuma, na nilikuwa najua hadi kuku yupi amelala juu ya mayai. Basi nimerudi huko. Kipkirui wa lori huleta tikiti maji za huko kwetu Nakuru kila wiki na lori linarudi tupu. Amekubali kubeba barua zetu.

Sasa niseme kilichonikalisha chini. Idara yetu imeanzisha mazungumzo kila Alhamisi. Mtu anayefanya kazi na hesabu tumizi anakuja, anatuambia sisi wa mwaka wa tatu tutafanya nini tukimaliza. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa kampuni ya bima Nairobi, anaitwa Bi Adero. Viatu vyake pekee vilinyamazisha ukumbi. Alituuliza, "Mnajua mimi nauza nini?" Kijana mmoja nyuma akasema, "Bima, madam." Akasema, "Hapana. Nauza woga, lakini kwa bei ya haki. Na bei ya haki haipatikani bila hesabu."

Watu walipiga makofi. Mimi nilibaki nimeshika mikono. Senge, niliingia kwa hesabu kwa sababu nilipenda jinsi swali linavyofunguka lenyewe ukilitazama kwa subira. Sikufikiria kuhusu kuuza. Sasa kila mtu hapa ana jina la kazi mdomoni, data, benki, bima, na mimi nikiulizwa utakuwa nani, natabasamu kama mjinga.

Ulipokubali nisome hesabu, wewe ulidhani nitakuwa nani? Niambie ukweli. Pasaka nitakuja nyumbani tuongee vizuri.

Mtoto wako,
Chelangat


Ziwani
2 Machi 2025

Kwako Chelangat,

Barua yako imefika na maji ya tikiti juu yake lakini nimesoma yote. Nimefurahi. Kwaya inakusalimu, na Edinah, mke wa Bethwel, rafiki yangu wa sauti ya pili, amesema ukinywa maji ya moto na tangawizi hicho kifua kitaachilia. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mmoja ni mvivu, hata kunyonya anasukumwa.

Umeniuliza nilidhani utakuwa nani. Mimi nilidhani utakuwa mtu wa hesabu. Kuna ubaya? Baba yako, ndugu yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa hawezi kugawanya mkate bila kugombana na mtu. Nikasema huyu mtoto wake agawanye vizuri. Lakini kuna kitu nimeshindwa kuelewa. Hii unaita hesabu tumizi, kwani ile ingine haitumiki? Pasta aliniuliza mbele ya watu unasomea nini, nikasema daktari wa hesabu. Akauliza anatibu nini. Nikamwambia atatangaza akimaliza.

Pasaka usije. Barabara ya huku imeharibika na kuna wageni wa kanisa watakaolala kwangu. Baki usome.

Sasa nisikilize vizuri kwa maana hili ndilo limenifanya nichukue kalamu. Unajua nyumba yangu ya mawe, ile nimejenga polepole tangu uko darasa la nne. Kuta zimekwisha. Imebaki paa tu, na mabati niko nayo. Lakini watu wana maneno, wanasema ziwa linapanda tena. Chifu anasema hivi, watu wa kaunti wanasema vile, wazee wanasema ziwa lilikuwa hapo zamani na linadai kwake. Mimi nimechoka na hao wote. Wewe unasoma hesabu na walimu wako wako hapo. Waulize kwa niaba yangu, je, maji yatafika kwangu? Ndiyo ama la. Usiniletee kitabu kizima, neno moja linanitosha.

Kaa na Mungu.
Senge Cherop


Njoro
30 Machi 2025

Senge mpendwa,

Salamu kwako, kwa Edinah, kwa Bethwel na kwa huyo mbuzi mvivu ambaye tayari nampenda. Tangawizi imesaidia. Nangila amepata asali kwa mtu wa Mogotio akasema haifiki ile yetu. Nimesikitika kuhusu Pasaka lakini sitabishana na wageni wa kanisa.

Swali lako lilinikuta kama kwamba umelituma na mtu mwingine pia. Alhamisi iliyopita mzungumzaji alikuwa Daktari Njuguna, mtu mwembamba anayeongea akiangalia viatu vyake. Kazi yake ni maziwa ya Bonde la Ufa. Anaandika kinachoingia ziwani, yaani mvua na mito, na kinachotoka, yaani mvuke na maji yanayozama ardhini. Halafu kompyuta inalinyeshea ziwa mvua za kila aina, nyingi na chache, mara elfu na elfu, na kila mara inaangalia maji yameishia wapi. Mwishoni anachora ramani yenye rangi. Bluu ni pale maji yalipokuwa yamefika mwaka jana, picha za angani zilipopigwa. Njano ni pale yanaweza kufika. Penye rangi ya majani mtu anaweza kupumua.

Aliweka ziwa letu ukutani, kubwa kuliko ubao. Niliona shule ya msingi. Niliona barabara ya zahanati. Nikainua mkono kabla sijajua nitasema nini.

"Hapo pa njano," nikasema, "maji yatafika lini?"

"Swali si lini," akasema. "Swali ni kuna uwezekano kiasi gani."

"Na mtu wa hapo akitaka neno moja?"

Akaacha kuangalia viatu. "Wewe unatoka huko?"

Baada ya mazungumzo aliniita. Anatafuta wanafunzi wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, wapime ziwa na wazungumze na wenyeji. Bi Adero naye ametangaza nafasi huko Nairobi kwenye bima, na idara imenipendekeza. Zote mbili zinataka jibu mwezi wa tano. Nangila anasema hata yeye angekuwa mimi hangeuliza mtu, Nairobi ni Nairobi.

Kuhusu paa, Senge, mambo bado hayajaeleweka vizuri. Daktari mwenyewe anaendelea kurekebisha. Ningekuomba ungoje kidogo kabla ya kupiga mabati.

Chelangat


Ziwani
19 Aprili 2025

Chelangat,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, leo ni Jumamosi ya kungoja ufufuo. Sisi ni wazima. Zeddy alipita hapa na mkate, hakukaa. Ninaandika hapa kwa meza ya Edinah na watoto wake wananisukuma kiwiko, kwa hivyo ukiona mwandiko umeruka mtaro ujue ni hao.

"Ngoja kidogo." Nimesoma hayo maneno mpaka nikampa Edinah naye ayasome. Nikamwuliza, huyu mtoto amesema ndiyo ama amesema la? Edinah akasema amesema ngoja. Nikamwambia nimengoja miaka, si ndio maana kuta ziko na paa halipo?

Chifu ananipa nusu neno. Pasta ananipa nusu neno. Sasa na wewe, niliyekutoa mikononi mwa wajomba wako ukiwa na utapiamlo, unanipa nusu ya nusu. Hayajaeleweka vizuri! Kwani huko chuo mnakaa mnaelewa nini?

Paa nimepiga. Fundi amemaliza wiki iliyopita. Mabati yanang'aa hata ukiwa mbali unayaona.

Na hiyo ya kazi usiniulize tena. Nenda Nairobi kwa mama wa viatu. Hapa ziwani hakuna kitu cha kupima. Maji ni maji. Viboko wamekula mahindi ya watu, mamba amechukua mbwa wa jirani, hapa si pahali pa msichana aliyesoma. Nenda, na usije huku likizo, uende moja kwa moja.

Wako,
Senge


Njoro
12 Mei 2025

Senge,

Salamu. Natumaini hasira imepungua, na kama haijapungua nakusalimu nayo. Mvua hapa haikati. Nangila anaugua malaria aliyotoka nayo kwao, nampikia uji.

Nilikutii. Nilienda kwenye mahojiano ya bima Nairobi na wamenikubali. Lakini sijui nikueleze vipi kilichotokea humo ndani, kwa sababu mimi mwenyewe sijakielewa.

Waliniuliza maswali ya kawaida na nikajibu. Kisha Bi Adero akageuza skrini yake nikaona ramani. Lilikuwa ziwa letu, Senge. Rangi zilezile. Wameomba ramani ya Daktari Njuguna kama mtu yeyote anavyoweza kuomba.

"Mwenye nyumba hapa pa njano anataka kuikatia bima," akasema. "Tumjibu nini?"

Jibu nililijua. Nikasema, "Tumkatalie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uwezekano ni mkubwa, na wakizama watazama wote pamoja. Kampuni haitaweza."

"Vizuri sana," akasema, na yule mwenzake akaandika kitu. Bi Adero si mtu mbaya. Aliponiona nimeikodolea ramani macho alisema, "Hatuwafanyii ubaya, Chelangat. Kuwauzia kitu ambacho hatutaweza kulipa ndio ungekuwa wizi." Na amesema kweli. Nimeligeuza usiku na mchana na sioni kosa ndani yake.

Lakini kidole chake kilikuwa juu ya nyumba yako. Nilikuwa nimeiona tangu ile Alhamisi ya mwezi wa tatu, ukumbini, na ndio maana nilikuandikia ungoje. Nyumba yako ya mawe iko ndani ya njano, Senge. Ndani kabisa, si pembeni. Sikukuambia kwa sababu uliomba neno moja na mimi sina neno moja. Si ndiyo, si la. Ni zaidi ya nusu. Nilijua ukisikia "zaidi ya nusu" utasema nimekupa nusu.

Nimefaulu mahojiano kwa kukataa nyumba niliyolelewa karibu nayo. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za jengo mpaka askari akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo.

Na kitu kingine. Kwa nini uliandika Jumamosi ya Pasaka kutoka kwa Edinah, kama wageni wa kanisa walikuwa kwako?

Nijibu tafadhali.
Chelangat


Njoro
6 Julai 2025

Senge,

Ni mimi tena. Kipkirui anasema barua ya mwezi wa tano alimpa Edinah mkononi, na kwamba hapiti tena ile barabara yetu ya chini. Nilipomwuliza kwa nini, akasema, "Muulize senge yako," akapandisha kioo.

Simu yako haiingii. Zeddy nikimwuliza anakumbuka ghafla kwamba ana mteja.

Nangila amepona. Mitihani nimefanya, sijui nimefanyaje. Watu wa Nairobi nimewaandikia kwamba siendi. Bi Adero alinipigia mwenyewe, akaniambia taratibu kwamba nafasi kama ile hairudi. Nilimwomba msamaha mpaka akachoka kuusikia. Nimeandika jina langu kwa Daktari Njuguna, na sijui kama nimefanya la akili au nimeogopa tu ngazi za lile jengo. Tutakuja ziwani mwisho wa mwezi wa nane, na hata ukisema nisije, safari hii nimetumwa na kazi.

Kama umenikasirikia, niandikie umenikasirikia. Nitashukuru.

C.


Kwa Edinah
3 Agosti 2025

Mtoto wangu Chelangat,

Nakusalimu sana. Edinah, Bethwel na watoto wote wanakusalimu. Mimi mwili ni mzima.

Sijakukasirikia. Nilikuwa sijui nianzie wapi, nikianza naacha, nikianza naacha. Edinah amenifungia mlango leo, akasema sitoki kula mpaka niandike.

Maji yaliingia kwangu mwezi wa kwanza. Sasa umejua. Yalianza kwa choo, yakaja jikoni, na wakati barua yako ya kwanza inafika yalikuwa yanalamba kizingiti cha nyumba ya mawe. Hakukuwa na wageni wa kanisa. Mgeni nilikuwa mimi hapa kwa Edinah, nalala na wasichana wake wawili, na mmoja anapiga teke.

Utauliza, basi kwa nini uliniuliza kama maji yatafika? Edinah ameniuliza hivyo pia, akanishika bega kama mtu mwenye homa. Nilimwambia sijui. Lakini nimekaa nimefikiri, na nadhani najua.

Nilitaka useme la. Hiyo tu. Ungesema la, ningekuamini wewe kuliko macho yangu. Ningesimama ndani ya maji mpaka magotini na kusema, mtoto amesoma, amesema hayatafika, haya lazima ni ya kupita. Ulipoandika ngoja, nilikasirika kwa sababu ulininyima.

Na paa nilipiga kweli. Fundi Micah alikataa mara mbili. Akaniambia, "Mathe, nyumba iko kwa maji, paa la nini?" Nikamwambia nyumba ni yangu na paa ni langu, leta ngazi. Akapiga mabati amesimama juu ya mtumbwi uliofungwa dirishani, na watu walikuja kutazama. Wengine walicheka, wengine walinionea huruma, na kwaya waliimba wimbo kwa sababu walikosa la kufanya. Mimi nilikuwa nimesimama ufukoni, na nakuambia Chelangat, siku hiyo nilikuwa na furaha. Bati la mwisho lilipopigwa nilipiga vigelegele. Mwaka na mwaka nimetaka kuona ile nyumba imevaa kofia. Nimeiona. Baadaye nilikuja hapa kwa Edinah nikalala mchana kutwa, nimegeukia ukuta.

Sitaki unionee huruma. Sitaki pia uniambie ungefanya hivi ama vile. Kuja na hao watu wako wa kupima. Nitawapikia.

Senge yako,
Cherop


Njoro
14 Septemba 2025

Senge mpendwa,

Tumerudi salama. Daktari Njuguna bado anasifu mbuzi uliyemchoma, na kwa mtu anayeangalia viatu tu, hiyo ni hotuba. Zeddy nimemsamehe. Nangila amepata nafasi benki huko Eldoret na anaimba mpaka bafuni.

Kuna mambo sikuweza kukuambia tukiwa pamoja kwa sababu karibu kila mara kulikuwa na watu, na zile mara chache tulipokuwa peke yetu tulizungumzia mbuzi. Tulipopita na boti na nikaona yale mabati juu ya maji, na ndege wamejipanga pale juu, sikulia kama ulivyofikiri. Nilikuwa nacheka. Halafu ndio nikalia.

La pili ni baraza. Wewe ulikuwa nje na sufuria hukusikia yote. Tuliweka ramani mpya kwenye ukuta wa darasa, na Daktari akasema nieleze mimi, kwa kuwa ni mwenyeji. Nikaeleza bluu, nikaeleza njano. Bethwel akasimama, unajua anavyosimama, koti kwanza.

"Binti," akasema, "sisi tumekuona ukikua hapa. Tuambie kama mtoto wetu. Kwangu maji yatakuja? Ndiyo ama la?"

Nikasema, "Sijui, baba."

Darasa likavuma. Nikaendelea, "Mvua zikija kama za miaka ya karibuni, katika njia kumi ambazo ziwa linaweza kwenda, sita zinafika kwako kabla ya mwisho wa mwaka. Nne hazifiki."

Akafikiri. Akauliza, "Mimi nina nyumba moja. Hiyo sita kwa kumi ya nyumba yangu ni gani? Ni jikoni ama ni pale ninalala?"

Watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Nimesoma miaka mitatu na hakuna mtu aliyewahi kunifunza jibu la hilo swali. Daktari naye aliangalia chini.

Lakini sitarudia kosa la mwezi wa tatu. Kabla hatujaondoka nilimwita Edinah na Bethwel nyuma ya shule nikawaambia wazi: mko ndani ya njano, na Senge yangu analala kwenu, na mimi kama ningekuwa na watoto pale ningepanda juu kwa mlima kabla ya mvua za vuli. Edinah alinishika mkono. Bethwel alisema ng'ombe hawapandi mlima kwa sababu ya rangi.

Uliniambia tukiagana, "Wewe umesema, sasa nyamaza, tuachie." Nimejaribu kunyamaza. Naangalia mawingu kama mtu mwenye deni nayo. Sijui nataka yajae maji nionekane nilisema kweli, ama yapite niwe nimewahangaisha watu bure. Hakuna mtu mwema anayetaka la kwanza. Mbona basi la pili nalo linaniogopesha?

Chelangat


Mlimani, juu ya kanisa
7 Desemba 2025

Kwako Chelangat,

Nakusalimu kutoka mahali papya, na upepo wa hapa unataka kuchukua karatasi nimeweka jiwe juu. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika kupanda, nayaambia yanyamaze. Kwaya imepata mwalimu mpya ambaye hajui kuimba. Kipkirui ameoa, na lori limepakwa rangi ya harusi na bado hajaitoa.

Tulihama mwezi wa kumi. Nilienda kwa chifu nikaomba kipande cha hapa juu, akanipa nusu neno, nikakaa ofisini kwake mpaka akatoa lile nusu lingine. Vijana wa kanisa walitusimamishia nyumba mbili za udongo, yangu na ya Edinah. Edinah alikuja na watoto wote na masufuria yote. Bethwel akakataa. Alisema yeye hakimbizwi na karatasi ya ukutani. Akabaki chini na ng'ombe na redio, na Edinah anamteremshia chakula kila siku huku akimtukana njia nzima kwa sauti ya kwaya.

Mvua ilikuja. Siyo mchezo. Ziwa likapanda, tukawa tunalitazama kutoka hapa kama watu wanaotazama mgonjwa. Likapita ile miti ya mathenge. Likapita zizi la zamani. Likafika kwa ua wa Bethwel na kulowesha nguzo za chini. Edinah alipiga magoti hapa nje. Halafu mvua ikaacha.

Maji yakasimama hapo. Mpaka leo yako hapo, hayajaingia, hayajarudi. Bethwel anakaa kwa kiti chake mbele ya nyumba kavu na kila anayepita anaitwa.

"Njoo uone," anasema. "Hii ndiyo sita kwa kumi."

Watu wanacheka. Wengine wamesema msichana wa chuo alidanganya, akahamisha wanawake wakakae kwa upepo. Najua habari hiyo itakufika, kwa hivyo nimeona uisikie kwangu kwanza. Pasta aliniuliza mbele ya wamama, "Sasa Mama Cherop, mtoto wako si alisema maji yatakuja?"

Nikamwambia, "Hakusema. Alisema hajui."

Akasema, "Sasa hiyo ni elimu gani, ya kutojua?"

Nikachukua kitabu changu cha nyimbo nikaondoka, Chelangat. Swali lake nimelifikiria wiki nzima. Mimi mwenyewe sielewi kazi yako. Nilidhani mtu akisoma anatoka na jibu, na wewe umetoka na swali limevaa nguo nzuri. Lakini nikilala hapa, mvua ikipiga usiku, siamki kushika sakafu kuona kama imelowa. Chini nilikuwa naamka. Hata kwa Edinah nilikuwa naamka. Hiyo ndiyo ninajua, na si kitu cha kumwambia Pasta mbele ya wamama.

Krismasi kuja. Njia ya huku juu ni nzuri, na hakuna wageni wengine. Uje na sweta.

Bethwel bado anacheka. Jana nilimsikia mpaka huku. Lakini asubuhi nimeona vijana wake wakipanda na mbao na misumari, na yeye nyuma yao amebeba nyundo. Wamejenga banda jipya la ng'ombe hapa karibu na mlango wangu, kubwa, la kudumu. Alipomaliza nilimpelekea chai. Akainywa amesimama, akitazama upande mwingine. Nami nikatazama huko huko, mpaka kikombe kikaisha.

Senge yako,
Cherop